Dole la Pili kwa Wakala wa Laini

Msimu wa mahindi ukifika Ufipa, mkoani Rukwa, fedha nyingi hupita kwenye simu. Mkulima wa Mpui au Matai akishauza, malipo huingia kwenye laini yake, na matapeli wanalijua hilo. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za 2023 na 2024 ziliitaja Rukwa mara kwa mara, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Wengi wakisikia hivyo huwalaumu vijana wa Laela, mkoani humo. Mimi nauliza kwanza: laini wanazotumia zilisajiliwa na nani, kwa jina la nani?

Tangu 2019 laini husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama ya kidole. Kampuni ya simu haiwezi kufika kila gulio, kwa hiyo kazi huwapa mawakala, nao huwatuma vijana wenye mwavuli na kifaa, wanaolipwa kwa kila laini. Mama anabonyeza kidole. Kijana anakodolea kifaa macho: "Mama, mtandao umegoma, weka tena." Mtandao haukugoma. Dole la kwanza limesajili laini ya mama. La pili limesajili nyingine kwa jina lake, na hiyo itauzwa kwa tapeli. Polisi wakiifuatilia namba, watafika kwa mama.

Hapo hakuna aliyedukua mitambo. Wizi umefanywa na mtu aliyepewa ruhusa, ndiyo maana ukaguzi wa usalama unaoishia makao makuu hautoshi. Kampuni imjue kila kijana kwa jina, impe utambulisho wake wa kuingilia mfumo, imfungie siku ileile anapoacha kazi, na ishtuke NIDA moja inaposajili laini mbili ndani ya dakika chache. Hata malipo ya kila laini yaangaliwe upya, maana ndiyo yanayomtia kijana tamaa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji anayemfanyia kazi. Inataka wawe na mkataba wa maandishi, na mchakataji afuate maelekezo ya mkusanyaji. Kwa hiyo "huyo ni wakala tu, si sisi" si jibu la kumpa mteja.

Viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) nao wamo katika wajibu huu wa kulinda taarifa. Msambazaji wa mbolea akiomba orodha ya wanachama, anahitaji majina na idadi ya mifuko. Tarakimu 20 za NIDA za kila mkulima ni za nini kwake? Na mkataba useme orodha hiyo itafutwa lini.

Nawe msomaji, ukimaliza kusajili laini piga *106# kabla hujaondoka. Ukiona namba usiyoifahamu, nenda duka la kampuni husika waifute. Namba ya tapeli itume 15040.