Kamba wa Mito ya Ituri: Spishi Mpya Hujulikanaje? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulitaja makundi mawili ya kamba wa maji baridi: Macrobrachium, wenye jozi ya magando marefu, na uduvi wadogo wa Caridina, ambao magando yao yana vishungi vya nywele za kuzolea chakula kwenye mawe na majani yaliyooza. Leo tujibu swali gumu zaidi. Mtu akimnasa kamba kijitoni, atajuaje kwamba sayansi bado haijampa jina?

Kumtazama tu hakutoshi. Tangu Polydore Roux alipoeleza uduvi wa Nile mwaka 1833, uduvi wengi wa Afrika walirundikwa chini ya majina machache ya zamani. Watafiti Jasmine Richard na Paul Clark walihesabu meno ya mwiba wa kichwani, wakapima mayai, wakachunguza viungo vya uzazi vya madume, na mwaka 2009 wakatangaza spishi mpya 14 za Caridina za Afrika. Ugunduzi wa namna hii hukamilika mezani, kwenye hadubini.

Katika vipimo hivyo, sisi wa Bunia tuyazingatie zaidi mayai. Kamba wenye mayai madogo, mengi, mara nyingi lava wao hukulia kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo huweza kusambaa mbali kupitia pwani. Wenye mayai makubwa, machache, huangua watoto waliokwisha kukomaa kiasi, ambao huishi na kufa katika mto uleule. Bahari iko mbali mno nasi, na mto Ituri una maporomoko mengi. Kamba wetu hana budi kuzaliana papa hapa.

Tena tunaishi kwenye mgawanyiko wa maji. Maji ya mto Rwambuzi hutafuta njia kwenda mto Shari, kisha Ituri na Aruwimi, hadi mto Kongo pale Basoko. Mwendo mfupi tu mashariki, vijito huteremka Ziwa Albert na kuishia Nile. Kamba wa pande hizi mbili hutenganishwa na milima, na viumbe waliotengana kwa maelfu ya vizazi huweza kugeuka kuwa spishi mbalimbali. Ndiyo maana kijito kidogo cha Djugu au Irumu kinastahili kuchunguzwa kwa makini kama ziwa.

Lakini tunachelewa. Dragi na pampu za wachimba dhahabu zinageuza mito kuwa tope. Tope huziba matamvua ya kamba na kufunika mawe anayojificha chini yake, na zebaki ya kukamatia dhahabu huingia katika chakula chake, halafu katika samaki tunaowala. Sayansi nayo haiendi haraka: watafiti Herbert Lang na James Chapin walikusanya wanyama wa misitu ya Ituri na Uele kati ya 1909 na 1915, na maelezo ya kaa wao, yaliyoandikwa na Mary Rathbun, yalitoka mwaka 1921. Sayansi ilihitaji miaka sita, na kijito chenye dhahabu huharibiwa kwa msimu mmoja.

Asidhani mtu kwamba kuchunguza viumbe wadogo wa mtoni ni anasa ya wasomi. Mwaka 1950, huko Kenya, ilitangazwa kwamba lava wa usubi Simulium neavei, anayeeneza upofu wa mtoni, huishi akiwa amejishikiza kwenye mwili wa kaa wa maji baridi. Kabla ya hapo walitafutwa kwenye mawe na majani bila mafanikio. Ituri inaujua ugonjwa huo vizuri.

Nawaomba walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia, pamoja na wavuvi wa Shari, waanze kukusanya kamba sasa, wangali wapo mtoni. Mtieni kila kamba katika chupa ya alkoholi, mwandike kwa penseli jina la mto, mahali, tarehe na jina la mkusanyaji, kisha mpeleke kwenye Kituo cha Uangalizi wa Bioanuwai cha Kisangani. Chupa isiyo na maandishi hayo haitamsaidia mtafiti yeyote.