Fahamu: Kwa nini kifua kikuu bado kinaua

Kifua kikuu (TB) husababishwa na bakteria wanaoenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa. Kinatibika. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua na milioni 1.25 wakafariki.

Ugumu uko wapi?

Mwaka huo wagonjwa wapya waliogunduliwa walikuwa milioni 8.2 tu. Wengine hubaki nyumbani wakidhani ni kikohozi cha kawaida, huku wakiambukiza jamaa zao. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Anayekatiza dozi kwa kukosa nauli au chakula anaweza kupata TB sugu. Kumlaumu hakumponyi.

Na chanjo?

BCG, iliyoanza kutumika 1921, huwakinga zaidi watoto wadogo.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda kapime makohozi.