Mpanda, ligi inakufa pale kibonde anapotia mpira kwapani

LIGI ya mtaani ikianza Mpanda, watu hawakosekani. Iwe Azimio au Kashaulili, watoto wamekaa mpaka kwenye mstari, muuza karanga yuko kazini na kila timu ina jezi mpya. Sasa njoo wiki ya saba. Mwamuzi yupo, mpira upo, timu moja ipo. Nyingine imeingia mitini, na waliofika wanagawiwa pointi tatu za mezani.

Hapo ndipo lawama zinaanza. Utasikia eti vijana wa siku hizi hawana nidhamu. Lakini jioni vijana hao hao utawakuta wanapiga danadana nyuma ya soko. Mpira wanaupenda sana. Ugonjwa uko kwenye ratiba.

Chukua mfano wa kawaida: timu 12 kwenye ligi moja. Ipo timu ya kata yenye vijana waliopita UMISSETA na wengine wanaocheza ligi ya mkoa. Ipo ya maveterani wenye vitambi vyao. Ipo ya kijiwe cha bodaboda, jezi za kuchangishana, kipa ni yule aliyekosa namba kwingine kote. Wiki ya kwanza bodaboda wanapigwa 9-0. Ya pili, 7-0. Ya tatu nahodha akipiga simu, kila mtu ana abiria. Utamlaumu nani? Mtu ameacha hela ya Jumapili aje achekwe na mtaa mzima?

Na hasara si yake peke yake. Aliyeshinda 9-0 hajajifunza kitu. Beki wake hajaguswa, straika wake anajiona mfalme. Akienda kukutana na timu ya maana, anashangaa.

HESABU HAIDANGANYI

Timu 12 zikirudiana ni mechi 132. Kwa uwanja mmoja, mechi mbili Jumamosi na mbili Jumapili, unahitaji wikiendi 33. Zitoke wapi? Katavi mvua ni Novemba mpaka Aprili, na zikianza, nusu ya kikosi iko shambani Mwamkulu na Kakese. Muda wa uhakika ni Juni hadi Septemba, wikiendi kama 17 hivi. Hata mkicheza mzunguko mmoja tu, mechi 66, zinaisha zote. Ukitokea msiba au uwanja ukichukuliwa kwa mkutano, ratiba imekufa.

Njia ipo. Gawa timu 12 kwenye makundi matatu ya timu nne, mzunguko mmoja. Hizo ni mechi 18. Wawili wa juu wa kila kundi waende Daraja A, wawili wa chini Daraja B. Kila daraja litakuwa na timu sita, mzunguko mmoja, mechi 15. Jumla ni mechi 48, wikiendi 12. Kila timu imecheza mara nane, na bado mna wiki za viporo.

Uzuri wake, hakuna kiongozi anayekaa mezani kuamua nani kibonde. Uwanja umeamua. Wala si jambo la ajabu. Ligi Kuu ya Scotland yenye timu 12 inagawanyika sita kwa sita baada ya mechi 33, tangu msimu wa 2000/01. Kama nchi ya Celtic na Rangers haioni aibu, sisi wa Makanyagio na Nsemulwa aibu ya nini?

Ila Daraja B lisiwe jalala. Liwe na kombe lake na mbuzi wake, na mbuzi huyo asiwe kondefu kuliko wa Daraja A. Msimu ujao wote waanze upya kwenye makundi, ili aliyekuwa B apate nafasi ya kulipiza.

MAMLUKI NA KAPU LA MAGOLI

Mfumo peke yake hautoshi. Mamluki akiruhusiwa, kijiwe kitaazima straika wa ligi ya mkoa siku ya mechi ngumu na kazi yote inaharibika. Mchezaji mmoja, timu moja, usajili wa picha ufungwe kabla ya mechi ya kwanza. Kila timu iweke dhamana, na irudishiwe ikimaliza mechi zote.

Timu zikilingana pointi, angalieni kwanza zilipokutana zenyewe, siyo kapu la magoli. Tunakumbuka Daraja la Kwanza msimu wa 2015/16, siku ya mwisho zilipotoka 8-0 na 7-0 kwenye kundi moja. TFF ikazishusha timu zilizohusika kwa kupanga matokeo, na Mbao FC ya Mwanza ikapanda Ligi Kuu. Asiye na cha kupigania ni rahisi kununuliwa.

Kingine, sheria za mpira zinasema mechi haianzi timu ikiwa na wachezaji pungufu ya saba. Kwa maveterani na mpira wa mtaani zinaruhusu pia mchezaji aliyetolewa kurudi uwanjani, chama cha soka kikikubali. Wenye vitambi wapumzike, warudi. Timu yenye watu tisa icheze, isifukuzwe.

Majirani zetu wametangulia. Oktoba 2020 Prisons waliifunga Simba 1-0 pale Nelson Mandela, Sumbawanga. Msimu wa 2023/24 Kigoma ilikuwa na Mashujaa kwenye Ligi Kuu, Tabora nayo ikawa na Tabora United. Katavi, mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.1 kwa sensa ya 2022, tunaziangalia kwenye vibanda umiza.

Huenda mtoto atakayetutoa kimasomaso yuko kwenye ile timu ya bodaboda iliyopigwa 9-0, ana miaka 16, anacheza winga na hapewi pasi. Akipata mechi nane za saizi yake, kuna mtu atamwona. Wenzake wakitia mpira kwapani wiki ya tatu, naye anarudi kijiweni, na hatutajua kamwe tulichokipoteza.