MELI ZA BUKOBA NA DAFTARI LA ABIRIA

Meli ya Mv. Victoria iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kisumu na kuunganishwa upya, na mwaka 1961 ikaanza kulitumikia Ziwa. Ilikuwa mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 iliangukia upande wetu, na kazi yake kubwa ikawa safari ya usiku baina ya Mwanza na Bukoba kupitia Kemondo. Wasafiri wa zama hizo hawajaisahau mikungu ya ndizi iliyorundikwa gatini.

Mwaka 1979 ilipata mwenzake, Mv. Bukoba. Hatima yake twaijua sote. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekwisha kukaribia Mwanza, ilipinduka. Meli hiyo ilikuwa ya abiria 430. Waliokufa peke yao walizidi 800. Orodha iliyokuwapo ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Kwa hiyo wengi wa wale wanyonge walizama bila hata majina yao kuandikwa mahali popote, na hili ndilo linalotuuma hadi leo.

Victoria nayo ilisimama mwaka 2014. Kwa miaka sita mwananchi alizunguka kwa basi, na mzigo wake ukazunguka kwa lori kwa nauli ya lori. Ilirudi Agosti 2020 baada ya matengenezo makubwa, sasa ikiwa na uwezo wa kuchukua abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Tumefurahi, na tuna haki ya kufurahi.

Lakini ndugu zetu wa visiwa vya Muleba, wa Bumbire, Goziba, Ikuza na Mazinga, bado wanategemea boti za mbao zenye injini. Ni vyema viongozi wakumbuke kwamba tarehe 6 Novemba 2022, ndege yenye watu 43 ilipoanguka ziwani hapa Bukoba, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kufika, na watu 24 wakatoka hai. Watu wa namna hiyo hawastahili kusafiri kama mizigo isiyo na hati.

Hatudai meli kubwa itie nanga kila kisiwa. Huo ni mjadala mwingine na una gharama zake. Tunadai kila abiria wa kila boti aandikwe, na nakala ya orodha ibaki nchi kavu kwa mwenyekiti wa kijiji. Hayo yanahitaji daftari, kalamu na mtu wa kuandika kabla nanga haijang'olewa, na mwalo wa Goziba hauna sababu ya kungojea bajeti ya mwakani.