"Taa ya Kompresa": Jina Moja na Gharama Yake

Katika makala haya mafupi tunakusudia kueleza namna ya kutafuta chanzo cha taa ya onyo la saspensheni katika magari ya kifahari ya njia mbovu. Huenda msomaji akashangaa kukuta suala la gereji katika jarida la taaluma ya Kiswahili. Sababu yetu ni kwamba baadhi ya makosa ya uchunguzi huo huanzia katika jina.

Mwenzetu mmoja wa kitivo alinunua gari la namna hiyo likiwa limekwisha kutumika. Haukupita muda taa ya manjano ikawaka kwenye tablo. Fundi mmoja wa Kadutu aliitazama akasema, "Ile ni taa ya kompresa, mwalimu." Kompresa ikaagizwa, ikafungwa, taa ikazimika. Baada ya wiki chache ikawaka tena, naye akaambiwa anunue nyingine. Fedha iliyobaki ilikuwa karo ya watoto. Ndipo alipotujia, si kwa sababu ya ufundi, ambao hatuna, bali ili tumsomee kitabu cha gari kilichoandikwa kwa Kiingereza.

Range Rover ya kwanza, ya mwaka 1970, ilikuwa na springi za chuma. Mifuko ya hewa iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika mfumo huo kila gurudumu hubebewa na mfuko wa mpira uliojaa hewa. Kompresa husukuma hewa, tangi huihifadhi, vali huigawa, na vihisi vya kimo huiarifu kompyuta jinsi bodi ilivyoinuka juu ya magurudumu. (Baadhi ya Land Cruiser za aina ya 100, zilizotoka mwaka 1998, hutumia mafuta na gesi, hizo haziingii katika maelezo haya.)

Sasa, taa inasema nini? Kompyuta haioni tundu wala mpira uliochanika. Hulinganisha tu kile ilichoamuru na kile ilichoarifiwa. Ikiamuru pembe moja ipande, na kihisi kisithibitishe kwa muda uliowekwa, huwasha taa. Kwa hiyo maana yake ni "nimeamuru, sijatimiziwa". Mfuko unaovuja, mkono wa kihisi uliovunjika, waya uliochubuka, rilei mbovu, hata betri dhaifu, vyote vyaweza kuiwasha taa ile ile. Mwanaisimu atatambua hali hii mara moja: umbo moja, maana nyingi, na muktadha ndio unaoamua. Hata chombo cha kusoma hitilafu mara nyingi hurudia lalamiko la kompyuta kwa maneno marefu zaidi. Rangi nayo husaidia kidogo: katika magari mengi manjano huruhusu kwenda taratibu hadi gereji, nyekundu humtaka dereva asimame.

Muktadha hupatikana kwa utepe wa kupimia. Gari liegeshwe mahali tambarare, jambo lisilo jepesi katika mji uliokaa juu ya rasi na vilima kama Bukavu. Pima kutoka kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, jioni na asubuhi. Pembe iliyoshuka ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Lakini baadhi ya magari hujisawazisha yenyewe usiku kwa kuzishusha pembe nyingine zilingane na ile iliyolegea, na asubuhi ushahidi umefutika. Kwa hiyo fyuzi ya mfumo huondolewa kabla ya kulala. Kisha maji ya sabuni hupakwa kwenye mikunjo ya mfuko na kwenye viungio vya mirija. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na hewa au jeki peke yake: hewa ikitoka, bodi hushuka ghafla.

Kompresa huchunguzwa baada ya hapo. Ikiwa kimya, tazama kwanza fyuzi na rilei, wala usisahau kwamba hujizima yenyewe inapopata joto kali. Ikinguruma mfululizo bila gari kuinuka, ama imechakaa ama inajaza pakacha. Kwetu mzigo wake ni mkubwa kuliko Mombasa: katika mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa imepungua kwa takriban sehemu moja ya sita, na kila pigo la pistoni huvuta hewa haba zaidi. Ongeza matope ya mteremko wa Ngomo, njiani kwenda Uvira, yanayokauka katika mikunjo na kuusugua mpira kama msasa.

Gari la mwenzetu lilishuka vidole vitatu nyuma kulia. Sabuni ikatoa mapovu kwenye mkunjo wa mfuko. Mfuko ukabadilishwa, na kompresa ile ya pili ikaendelea na kazi.

Dar es Salaam husema "shokomzoba", sisi tumechukua jina la kifaa hicho kutoka Kifaransa; tofauti hiyo haimgharimu mtu kitu, kwa sababu kila jina linataja kifaa kinachoonekana. "Taa ya kompresa" hutaja ugonjwa kabla ya mgonjwa kupimwa. Tulimpendekezea fundi aiite "taa ya kimo". Alifikiri kidogo, akajibu kwamba wateja wake hawatalielewa neno kimo. Yeye ataiita "taa ya urefu". Hatukubishana naye.