Jogoo wa Vita Aliyegeuzwa Pambo

Mwaka 1835 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mapigano ya majogoo. Waliopenda mchezo huo waliendelea kwa siri, lakini wafugaji wengi walibaki na majogoo wazuri wasio na kazi. Mwaka 1845 maonyesho ya kuku yalifanyika katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, na ushindani ukahamia huko. Sasa mshindi aliamuliwa kwa macho.

Wafugaji waliwachanganya kuku wao wa kupigana, Old English Game, na Malay, kuku mrefu mwenye asili ya Asia. Kila kizazi wakawabakiza wenye miguu mirefu kuliko wenzao, hadi akapatikana kuku wanayemwita Modern Game.

Anayemfahamu kuchi wa kwetu atautambua mkao wake wa kusimama wima, ila huyu ni mwembamba mno. Mabega ni mapana, kisha mwili unachongoka kuelekea mkiani. Manyoya ni mafupi, magumu, yamebana mwilini kiasi kwamba baridi humwingia upesi. Kuna aina yenye shingo ya rangi ya fedha, kifua cheusi kilichotiwa michirizi myembamba ya fedha, na uso wa zambarau iliyokolea. Ni ndege wa kupendeza kweli.

Maandalizi yake yanahitaji subira. Mfugaji humzoesha kushikwa tangu akiwa mdogo, kisha humwonyesha kipande cha chakula juu ya kizimba ili anyooshe shingo na miguu, maana mwamuzi hutafuta urefu huo. Kwa desturi, jogoo pia alikatwa upanga na ndevu, kama enzi za mapigano, adui asipate pa kung'ata. Ndege wa maonyesho hana adui. Ukatili huo haukustahili kumfuata hadi huku.

Kuku huyu hatagi sana, wala hana nyama ya kutosha. Umaarufu wake ulipopungua katika karne ya 20, jogoo mkubwa, mwenye kilo tatu hadi nne, akawa adimu. Mbegu ndogo ndiyo iliyoenea. Miongoni mwa walioikuza ni W. F. Entwisle wa Yorkshire, bingwa wa kuku wadogo wa karne ya 19. Jogoo wa mbegu hiyo ana uzito wa gramu 600 hivi, anakula kidogo na anatosha kwenye banda dogo la nyuma ya nyumba. Yule mkubwa anahitaji nafasi, chakula kingi na wafugaji wachache walio tayari kubadilishana majogoo, ili damu isirudi ileile kila mwaka.