Fukusi Afaaye

Neno fukusi likitajwa, kila mwenye ghala hukunja uso, maana amjua mdudu huyo kwa hasara ya mahindi. Walakini fukusi wana aina nyingi mno, wala si wote walio adui wa binadamu. Katika maziwa ya Marekani na Kanada yuko mmoja mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3 tu, ambaye majira yote ya joto hukaa ndani ya maji. Wataalamu humwita Euhrychiopsis lecontei. Habari zake ziliandikwa mara ya kwanza mwaka 1896, kisha kwa miaka mingi wachache sana walimjali, kwa kuwa alikula gugu la kienyeji lisilomsumbua mtu.

Katika miaka ya 1940 gugu geni la jamii ile ile, Myriophyllum spicatum, lenye asili ya Ulaya na Asia, lilionekana katika maji ya Marekani. Lilienea upesi, likazuia mashua na waogeleaji. Watu walilikata kwa mashine, lakini vipande vilivyokatika vilielea na kutia mizizi mahali pengine. Hivyo aliyedhani anafyeka, kumbe anapanda.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika ziwa dogo la Brownington, jimbo la Vermont, gugu hilo lilipungua sana. Wachunguzi wa Middlebury College walipolitazama kwa makini, walimkuta fukusi huyu akilila gugu geni. Jike hutaga mayai penye vichipukizi vya juu. Buu hula kichipukizi, kisha hutoboa shina na kuingia ndani. Hewa iliyoliinua shina hutoka, nalo huzama mahali penye mwanga haba.

Kazi hii haifaulu kila mahali, maana katika maziwa mengine samaki wadogo humla fukusi kabla hajaongezeka. Tena, majira ya baridi yeye hutoka majini na kujificha katika majani makavu ya ufukoni. Basi mwenye nyumba akifyeka na kufagia ukingo wote ili upendeze, humwangamiza msaidizi wake mwenyewe.

Sisi wa nchi zinazozunguka Ziwa Victoria tunayaelewa mambo haya. Katika miaka ya 1990 Uganda na Kenya zilitia ziwani fukusi wa aina nyingine, wenye asili ya Amerika ya Kusini, ili wale gugumaji. Kwa hiyo yatupasa tumchunguze mdudu kwanza, tujue chakula chake na makao yake, ndipo tuamue kama ni wa kuuawa au wa kutunzwa.